PS3 niliyouziwa kwamba inacheza CD za PS2 haizisomi. Kwa nini Sony waliitoa hii kitu?

Chuma_Ulete
Wakuu habari za muda huu.
Nimechukua PS3 (PlayStation 3, mashine ya gemu ya Sony) ya mtumba Kariakoo, ile nene inayong'aa. Muuzaji kaapa mbele ya watu kwamba "nene zote zinacheza PS2, ni hizi nyembamba tu ndizo hazichezi". Mimi nina boksi la CD za PS2 toka enzi za shule, ndiyo sababu nikaifuata hiyo. Nimefika home nimeweka ya kwanza: inazunguka, inakoroma kidogo, kimya. Ya pili hivyo hivyo. Cha ajabu nina CD moja ya PS1, ile nyeusi chini, hiyo inaingia na kucheza bila shida.
Nyuma imeandikwa CECHK03, 80GB.
Maswali: nimepigwa? Na kama kuna PS3 zilizokuwa zinacheza PS2, mtu anaweka kitu kizuri hivyo halafu anakitoa kwa nini?

Kipanga wa Tandika
Umepigwa. Pole. Nakaa siti ya mbele nisubiri mafundi.

Fundi Bodi
@Chuma_Ulete muuzaji kakupa nusu ya ukweli. Nyembamba kweli, hakuna hata moja inayokubali CD ya PS2. Ila nene nazo hazifanani.
PS3 ilitoka Novemba 2006 Japani na Marekani, modeli mbili, 20GB na 60GB. Hizo ndani ya bodi zimebeba PS2 karibu nzima: prosesa yake, Emotion Engine, pamoja na chipu ya picha, Graphics Synthesizer. Ukiweka CD ya PS2, chipu za PS2 ndizo zinazopiga kazi, PS3 inasimamia tu. Baada ya hapo wakaanza kukata. Mwishoni mwa 2007 ikaja 40GB, humo hakuna tena chipu hata moja ya PS2. USB zikapungua kutoka 4 hadi 2, sehemu ya kuchomeka memori kadi za kamera ikaondoka, na bei ikashuka.
Dawa ya haraka ukiwa dukani: hesabu tundu za USB mbele. Zikiwa 4 endelea kuongea bei. Zikiwa 2 rudisha mezani. Yako ni K (ile herufi ya mwisho ya CECHK), ya 2008. Wanaochanganya watu ni kwa sababu kuna 80GB nyingine ya zamani, CECHE, ya soko la Marekani, hiyo ina USB 4 na PS2 inacheza. Ukisema tu "80GB" hujasema kitu.
PS1 usishangae, PS3 zote zinacheza PS1, nene kwa nyembamba. Ile inaigizwa na programu, haihitaji chipu yoyote ya ziada.

Chuma_Ulete
Nimehesabu. Ni 2.

Kipanga wa Tandika
Hongera mkuu kwa deki yako mpya ya Blu-ray.

Goli la Mkono
Kwa hiyo tafuta 60GB yoyote mzee, zile zenye mstari wa fedha mbele. Hizo zote zina PS2 kamili ndani, huwezi kukosea.

Mlandizi_UK
@Goli la Mkono unaweza kukosea vizuri tu. 60GB ya Ulaya (CECHC) siyo sawa na ya Marekani (CECHA). Huku Uingereza PS3 ilifika tarehe 23 Machi 2007, na kabla haijafika Sony walishatangaza kwamba gemu za PS2 zitakazocheza zitakuwa pungufu kuliko Marekani na Japani. Walichofanya ni kuitoa Emotion Engine na kubakisha chipu ya picha peke yake. Kazi ya prosesa ikaigizwa na programu. Kwa macho hizo mbili ni pacha: mstari wa fedha upo, USB 4 zipo. Tofauti ni ile herufi ya nyuma. Na CECHE aliyoisema Fundi iko kundi hilo hilo, nusu chipu nusu programu.
Ninayo CECHC. Gemu nyingi zinakwenda, chache zinagandaganda kwenye video, kuna moja sauti inatangulia picha. Na kwa kuwa mzigo mwingi wa Tanzania na Kenya unatoka huku, ukikutana na 60GB mtaani kuna uwezekano mkubwa ni hii.

Goli la Mkono
Sawa, lakini inacheza si ndiyo? Mimi nilisema inacheza.

PwaniGamer (Mombasa)
Turudi kwa swali la pili la mwenye uzi, ndilo lenye utamu. Mimi naona ni hesabu tu. Ile 60GB iliuzwa dola 599, na kampuni ya iSuppli iliifungua ikahesabu vifaa vyake kimoja kimoja ikapata kama dola 840. Yaani kila boksi likitoka dukani, Sony anatoa pesa mfukoni. Ukiwa kwa hali hiyo, kila chipu unayoweza kung'oa unang'oa. 40GB ilipokuja ikauzwa dola 399. Hakuna siri hapo.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Hesabu ya @PwaniGamer ni nzuri ila inaishia njiani. Kama ni chipu tu, wangebakisha uigizaji wa programu kama wa PS1. Mbona walifuta vyote? Jibu: God of War Collection, Novemba 2009. Gemu mbili za PS2 ulizokwisha zinunua, zimesafishwa picha, unauziwa tena. Halafu zikafuata Ico na Shadow of the Colossus 2011, na wengine wengi. Mwenye duka hawezi kukuuzia kitu ambacho tayari unacho na kinafanya kazi.

Fundi Bodi
Mjumbe, 40GB imetoka 2007 na hiyo Collection 2009. Miaka miwili. Kama ulikuwa mpango basi walikuwa na subira ya ajabu.
Kuhusu "wangeigiza kwa programu", siyo rahisi hivyo. Prosesa ya PS2 ilikuwa inakimbia MHz 294, prosesa ya PS3, Cell, ni GHz 3.2, hapo unaweza kuigiza. Kikwazo ni chipu ya picha. Graphics Synthesizer ina memori ndogo, MB 4 tu, ila iko ndani ya chipu yenyewe na inapitisha GB 48 kwa sekunde. Memori ya picha ya PS3 ni MB 256, inapitisha GB 20 na kitu. Watengenezaji wa gemu za PS2 waliitumia kasi ile kupita kiasi, wanachora tabaka juu ya tabaka, moshi, mvua, vumbi. Ukimwambia RSX, chipu ya picha ya PS3, afanye hivyo hivyo anakwama. Ndiyo maana Ulaya walitoa prosesa wakabakisha chipu ya picha, hawakufanya kinyume chake.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Maelezo mazuri fundi. Sasa nieleze: mwaka 2011 Sony huyo huyo alianza kuuza "PS2 Classics" kwenye duka lake la mtandaoni, gemu za PS2 unazipakua na zinacheza kwenye PS3 yoyote, hata nyembamba isiyo na chipu hata moja ya PS2. GB 48 zilitoka wapi? Na hao wenye PS3 zilizofunguliwa (zilizovunjwa ulinzi wa Sony) wamegundua kwamba kile kiigizi kinabeba gemu nyingi kuliko zile zilizokuwa zinauzwa. Iliwezekana. Ilitakiwa ulipie.

Mlandizi_UK
Zile za dukani zilipimwa moja moja na kila moja ina mipangilio yake ya kurekebisha kasoro. Ni tofauti na kumwambia mteja "weka CD yoyote kati ya maelfu". Ukiweka zako mwenyewe kwenye iliyofunguliwa, nyingine zinaruka vizuri, nyingine taswira zinatoboka toboka. Na mteja aliyelipa dola mia nne hataki kusikia "jaribu bahati yako".

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Ulaya mbona waliuziwa hiyo bahati nasibu na hata wewe umeisifia?

Mlandizi_UK
Sijaisifia. Nimesema sauti inatangulia picha.

Bi Tunu
Mnasahau kitu kimoja. PS2 yenyewe ilikuwa bado inauzwa! Ilishushwa bei hadi dola 99 mwaka 2009 na hawakuacha kuitengeneza mpaka mwanzoni mwa 2013. Mashine zaidi ya milioni 155. Wewe kama una bidhaa mbili sokoni, kwa nini ile ya bei kubwa uiwekee gharama ya kufanya kazi ya ile ya bei ndogo? Anayetaka PS2 anunue PS2. Mimi naona hiyo inatosha.

PwaniGamer (Mombasa)
@Bi Tunu hiyo pia ni hesabu, umerudi upande wangu.

Bi Tunu
Sijarudi popote. Wewe unasema walikuwa wanapata hasara, mimi nasema walikuwa wanalinda faida.

Kocha Mchezaji
Kuna yule Jim Ryan wa Sony, 2017 alihojiwa na jarida la Time akasema hii kitu watu wanaiomba sana ila wakipewa hawaitumii sana, na kwamba gemu za PS1 na PS2 zinaonekana za kale, nani atazicheza. Watu walimtukana mtandao mzima. Lakini tuulizane humu kwa ukweli: nani mwenye PS5 ambaye bado anafungua gemu za PS4 kila wiki?

Kibanda Boy
Mimi. Na PS2. Na sina PS5.

Kibanda Boy
Halafu wakuu mmemzunguka mwenye uzi hamjamuuliza swali la msingi. @Chuma_Ulete geuza hizo CD uangalie tumbo. Rangi gani?

Chuma_Ulete
Zambarau. Karibu zote. Moja ni bluu iliyoiva.

Kibanda Boy
Ndiyo hapo sasa. CD orijino ya PS2 iko za aina mbili, DVD ina tumbo la fedha na zile za CD ni bluu. Zambarau ni za kuchoma. Hizo hata ungeipata 60GB ya Marekani yenye kila chipu isingezisoma. PS2 zetu zilikuwa zinazisoma kwa sababu zilichipiwa, fundi alifungua akalehemu kichipu kinachoidanganya mashine kwamba CD ni halali. PS3 hiyo haijadanganywa.
Na hiyo ya bluu iangalie ni ya nchi gani. Gemu za PS3 zenyewe hazina ubaguzi wa kanda, ila CD za PS1 na PS2 ndani ya PS3 zinabaguliwa. Ya Marekani kwenye mashine ya Uingereza haiingii.

Kipanga wa Tandika
Kwa hiyo muuzaji alidanganya na hata angesema kweli bado isingesaidia. Uzi wa mwaka huu.

Chuma_Ulete
Nacheka kwa uchungu. Sasa ushauri, nitafute PS2 tu? Ipi?

Kibanda Boy
Hapa umefika kwangu. Nimekaa na kibanda cha gemu Mbagala toka Winning Eleven ndiyo dini, PS2 zote zimepita mikononi.
Nene, zile modeli 30004, 39004, 50004: chuma hasa. Umeme unaingia moja kwa moja, hakuna adapta ya kuibiwa, na nyuma kuna nafasi ya hard disk. Ubaya lensi zikichoka fundi anakaza kale ka-skrubu ka nguvu ya mwanga, inapona kwa muda, halafu inachoka moja kwa moja.
Nyembamba za kwanza, 70004 hadi 79004: adapta ya nje ya volti 8.5. Hazina nafasi ya hard disk. Kwa kibanda nilizipenda maana hazipigi kelele na hazipati joto haraka.
90004: umeme umerudi ndani. Nzuri, ila za mwishomwishoni ile memori kadi ya Free McBoot, yenye programu ya kuendesha gemu bila CD, haifanyi kazi, biosi (programu ya kuwashia mashine) waliifunga. Kama unataka kucheza bila CD usiikimbilie 90004 kabla hujaijaribu na hiyo memori kadi pale pale dukani.
Na usitegemee flashi. USB ya PS2 ni ile ya 1.1, mpira utachezeka lakini video za mwanzo wa gemu zitakwamakwama hadi ukasirike.

Fundi Bodi
Nyongeza kwa @Kibanda Boy, maana ni uzi wa mada hii hii. PS2 nazo zilikatwa kimyakimya. PS2 nene inacheza PS1 kwa sababu prosesa ya PS1 yenyewe imo ndani. Ukicheza gemu ya PS2 ile prosesa inageuka karani, inashughulika na pedi, memori kadi, sauti. Ukiweka CD ya PS1 inarudi kuwa bosi, hata mwendo wake inaupunguza kufika ule ule wa PS1, MHz 33 na kitu.
Kuanzia 75000 wakaitoa. Wakaweka prosesa ya PowerPC inayoiigiza. Mtumiaji wa kawaida hakugundua chochote, ila kuna gemu za PS1 na hata chache za PS2 zilizoanza kugoma. Kwa hiyo tabia ya kuweka kitu kamili kwanza, kisha kukibadilisha kwa uigizaji, haikuanzia kwenye PS3.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Ona sasa, unanipa ushahidi mwenyewe. Kwenye PS2 waliigiza wakabakiza. Kwenye PS3 waliigiza halafu wakafuta. Kilichobadilika kati yake ni duka la mtandaoni.

Fundi Bodi
Kilichobadilika ni kwamba PS1 ni nyepesi kuigiza na PS2 ni ngumu. Nimeshaeleza. GB 48.

Mtu wa Maskati
Tahadhari kwa wanaoagiza kutoka Japani kwenye makontena ya magari: PS2 nene ya Japani ni volti 100. Ndugu yangu Unguja aliipachika ukutani, ilitoa mlio mmoja. Tafuta transfoma ya kushusha umeme au chukua nyembamba yenye adapta ya nje, unabadilisha adapta tu.

Goli la Mkono
Sasa tukubaliane kwamba Xbox ndio walioheshimu wateja? 2015 walianza kurudisha gemu za Xbox 360 kwenye Xbox One, 2017 wakaongeza zile za Xbox ya kwanza kabisa. Ukiweka CD yako ya zamani inatambua, hulipi tena.

PwaniGamer (Mombasa)
Inatambua halafu inapakua gemu zima upya mtandaoni. CD ni ufunguo tu. Kwa bando zetu hizi hiyo heshima ni ghali. Na wameshafunga orodha, kundi la mwisho waliongeza Novemba 2021.

Kipanga wa Tandika
Goli, una Xbox?

Goli la Mkono
Nina rafiki anayo.

Kijana wa Mwenge
Naomba kuuliza kando kidogo. Kama hizi 60GB ndizo bora, kwa nini mafundi wengi wanasema usiguse? Nilikuwa nayo moja, ikawaka taa ya njano ikazima. Fundi akaipiga bloa ya hewa ya moto, ikafufuka, nikafurahi, baada ya muda mfupi ikarudi kule kule.

Fundi Bodi
Taa ya njano ndiyo ugonjwa wao. Bloa si dawa, mwambie aliyekufanyia. Sababu yenyewe mafundi hatujaelewana. Zamani tulisema ni risasi ya kulehemu isiyo na madini ya timbali (lead), maana Ulaya ilipiga marufuku timbali kwenye vifaa Julai 2006, na risasi mpya inapasuka joto likipanda na kushuka. Ndiyo maana watu wakawa wanafanya riboli, kuondoa vipira vyote vya risasi chini ya chipu na kuweka vipya.

Mlandizi_UK
Siku hizi wengi wanasema vipira vya nje vilionewa. Kuna vipira vidogo zaidi ndani ya RSX yenyewe, kati ya kipande cha silikoni na kibao chake. Hivyo ndivyo vinavyochanika kwenye zile RSX za nanomita 90. Nvidia nao kipindi hicho hicho, 2008, walitenga dola milioni 196 kwa sababu ya chipu za kompyuta mpakato zilizokufa kifo kinachofanana. Ndiyo maana kuna watu wanang'oa RSX ya zamani kwenye 60GB na kupandikiza ya nanomita 40 kutoka PS3 mpya. Unapata PS2 kamili na mashine isiyounguza.

Fundi Chipukizi
Mbona mimi nimeponya kadhaa kwa kubadilisha kapasita tu, zile bapa za NEC/Tokin? Sikugusa RSX wala bloa.

Mlandizi_UK
Zimedumu?

Fundi Chipukizi
Wateja hawajarudi.

Fundi Bodi
Mteja asiyerudi siyo kipimo, labda kahama mtaa. Kapasita zipo zinazokufa, sikatai, nimepima mwenyewe na nikakuta zimechoka. Ila ukiona taa ya njano usiseme moja kwa moja ni kapasita kwa sababu ni kazi rahisi. Kwanza toa ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka chini ya kifuniko cha chuma cha chipu, siyo juu tu.

Bi Tunu
Kwa hiyo sababu nyingine ya kuondoa chipu za PS2 inaweza kuwa joto? Bodi ina Cell, RSX, na juu yake PS2 nzima.

Fundi Bodi
Chipu za PS2 zinapumzika ukicheza PS3. Joto ni la Cell na RSX. Lakini nafasi kwenye bodi zinakula, hiyo ni kweli.

Mama Zuu
Samahanini nimeingilia. Mtoto wangu ana CD nyingi za PS4, sasa anataka PS5. Zitacheza au nitaambiwa nihesabu matundu?

Mlandizi_UK
Mama, karibu zote zitacheza, mradi PS5 yenyewe iwe na sehemu ya CD. Ile ya dijito haina. Pro ya 2024 nayo inatoka boksini bila sehemu hiyo, unainunua kando. Zile za kuanzia mwisho wa 2023 sehemu ya CD inachomolewa na kupachikwa, na ukipachika mara ya kwanza inataka intaneti ijisajili. Ukinunua ya mtumba, hakikisha CD inasoma mbele yako. Za PS1, PS2 na PS3 hazichezi kabisa.

Mama Zuu
Asante. Muuzaji kaniambia ya dijito ni bora zaidi kwa sababu ni mpya.

Kipanga wa Tandika
Mama, duka hilo lipo Kariakoo?

Mama Zuu
Ndiyo. Unalifahamu?

Chuma_Ulete
Mtaa gani mama? Nije PM.